Ubongo Ndani ya Kisanduku cha Muhugu

Nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa jikoni nikikatakata sukuma wiki, dirisha likiwa wazi ili mvuke utoke, sauti ikaja kutoka upande wa barabara: kikohozi kirefu na kikavu, kisha kimya, kisha mlipuko mmoja uliowarusha kuku wa jirani hadi juu ya ukuta. Kikohozi kikaanza tena, karibu zaidi.

Jirani alichungulia mlangoni mwake, taulo begani. "Hiyo ni bunduki ama ni dadako?"

"Ni dada," nilisema, ingawa bado sikuwa nimeona chochote.

Gari likaingia baina ya safu za nyumba zetu za reli hapa Makongeni. Lilikuwa la rangi ya majani makavu, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na lilijaza uchochoro mzima. Lilikuja kwa kuruka na kusita, kama mtu anayevuka mtaro huku amebeba viatu mkononi. Mbele ya mlango wetu likatoa moshi, likazima. Dada yangu akashuka, akaufunga mlango wake kwa upole ambao si wake, akaninong'oneza, "Usimwambie Mama limekuwa likifanya hivi tangu Thika."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni la nguo. "Tangu Thika," alisema.

Dada ndiye mkubwa wetu, na ni dereva kama alivyokuwa baba. Baba aliendesha malori ya kwenda Marsabit na Moyale hadi ugonjwa ulipomkalisha chini, na alipofariki alituachia jaketi lake na hadithi za barabara. Dada alizichukua zote, jaketi na hadithi. Mwaka huu kikundi cha madaktari wa macho wanaozunguka vijiji vya kaskazini kilikuwa kimekubali kumwajiri, yeye pamoja na gari lake, awabebe na masanduku yao mahali ambapo lami haijawahi kufika. Alikuwa ameitamani kazi hiyo kabla hata haijakuwepo. Wangeondoka mvua za masika zikipungua.

Lakini Mama aliijua kaskazini kwa njia nyingine. Aliijua kama kungoja. Zamani lori la baba lilizima mbele ya Laisamis, na sisi hapa nyumbani hatukujua kama yu hai hadi mtu tusiyemjua alipopita akatuletea salamu zake. Mama hakuwahi kutusimulia siku zile. Alikuwa tu akinyanyuka na kwenda kuosha vyombo visivyo vichafu kila redio ilipoitaja kaskazini.

Siku hiyo alitua beseni, akalizunguka gari mara moja, akatoa hukumu. "Hili litateremka mpaka Magadi, kwenye joto, na kupanda kurudi. Mimi nikiwa ndani. Likivutwa kwa kamba hata kidogo, hakuna kaskazini. Nitawapigia hao madaktari mimi mwenyewe."

"Na lisipovutwa?"

"Nitakuombea na nitakufungia chapati."

Dada alitabasamu. Tangu tukiwa wadogo, neno la Mama lilikuwa kama ratiba ya treni za enzi zake akifanya kazi reli: ukilisikia, unajipanga.

Asubuhi alinionyesha kidonda. Alilala chali penye miguu ya abiria, akafungua kifuniko cha plastiki, akatoa kisanduku cha bati kisichozidi ukubwa wa Biblia. Alikitikisa. Maji yakadondoka. Alikuwa ametoka Yatta kuchukua mahindi ya Mama, mto ukawa umejaa, naye akauvuka, kwa sababu ni mtu wa kuvuka. Tulipokifungua, ndani palikuwa na ubao mdogo uliojaa njia nyembamba za shaba, na shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani, kama sarafu iliyookotwa mtaroni.

"Huu ndio ubongo," alisema.

Mafundi wote huku Eastlands huuita hivyo, au huuita kompyuta, na mimi nilikuwa nimelisikia neno hilo maisha yangu yote bila kuuliza. Nilidhani injini ni chuma na moto tu. Sasa nikaambiwa kwamba ndani ya gari mnakaa karani. Kutwa nzima anapokea habari kutoka kwa vihisi, vidude vidogo vilivyochomekwa huku na kule: maji yana joto kiasi gani, injini inazunguka kwa kasi gani, dereva amekanyaga mafuta kwa nguvu au anabembeleza. Kwa kila habari anajibu: toa petroli hii, washa cheche sasa. Mama alikuwa karani wa reli, akipokea habari za treni kutoka stesheni za mbali na kujibu ipi ipite na ipi ingoje. Nilipomwambia kwamba gari lina mtu kama yeye, alisema, "Basi mumtafutie aliye macho."

Tulianzia Mbotela, ng'ambo ya Barabara ya Jogoo, kwa kijana anayeuza vipuri vya magari yaliyobomolewa. Bongo za magari alikuwa amezipanga juu ya gunia kwa mistari, kama mama mboga anavyopanga nyanya.

"Niaje, masistaa. Mnatafuta nini?"

"Ubongo," dada alisema.

"Wa nani kati yenu?" Alijichekea, akaona hatucheki, akaokota mmoja. "Shika hii. Imetoka kwa gari ya nyanya mmoja wa Japani. Alikuwa anaenda sokoni na kurudi. Hata hakuwa anakanyaga mafuta."

"Alikuwa anavuka mito?"

"Madam, Japani mito iko na madaraja."

"Basi hii haitujui."

Nilidhani dada anatania, lakini njiani alinieleza kwamba alimaanisha. Ubongo wa zamani hutoka kiwandani ukiwa umefundishwa injini moja, ile ya kiwandani. Gari lake lilikuwa limepita mikononi mwa watu waliolibadilisha: magurudumu makubwa zaidi, ekzosi nyingine, nozeli za petroli kutoka injini nyingine kabisa. Ukilitia ubongo wa nyanya wa Japani, utapata mwili wa mchezaji raga unaoongozwa na mtu wa sokoni. Isitoshe, ubongo huo ni wa umri uleule na wa bati lilelile. Mto mmoja, na tutarudi tulikoanza.

Hivyo tukaenda mtaa wa Fedha. Huko kuna fundi wa kike, rika la dada, anayefanyia kazi katika uwanja wa kuegesha magari nyuma ya ghorofa anamoishi. Ofisi yake ni mwavuli, kreti ya soda na laptopu. Nilitarajia aanze kwa kuuliza habari za injini. Hakuitaja.

"Mnaenda wapi?" aliuliza.

"Kaskazini," dada alisema.

"Kaskazini ni kubwa, siste. Wapi?"

Dada akamtajia: Laisamis, North Horr, Chalbi kwenye mchanga, juu Mlima Kulal ambako kuna baridi, chini hadi ziwani ambako upepo una joto la tanuri. Alivitaja kama mtu anayehesabu watoto wake. Fundi alisikiliza akizungusha kalamu.

"Kwa hivyo unataka ubongo unaojua kupanda na kushuka," alisema. "Hilo ndilo swali. Watu huja hapa wananiuliza ni upi una nguvu. Nguvu ya kwenda wapi?"

Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikasikiliza, na nikajikuta nimenaswa kama ninavyonaswa na mazungumzo ya watu wanaopenda kazi yao. Alituambia kuna aina ndogo inayokaa kando ya ubongo wa zamani na kuudanganya. Unaambiwa injini ina baridi kumbe ina joto, nao unaongeza petroli bila kujua umechezewa. Wengi huitaka kwa sababu haihitaji kubadilisha nyaya.

"Lakini wa zamani lazima uwe hai," alisema. "Wako umekufa. Utadanganya maiti?"

Kilichobaki ni ubongo unaojitegemea, unaochukua kazi yote, na wa namna hiyo alikuwa nao wa aina mbili. Akaziweka juu ya kreti. Mmoja ulikuwa mweusi, mzito, umezibwa pande zote, na soketi zake zilifunga kwa mlio mtamu. Ungeweza kuutumbukiza katika ndoo. Wa pili ulikuwa mwepesi, wa bati jembamba lenye matundu, ukiweza kuona ubao wake kama unavyoona mbavu za ng'ombe mnyonge.

Moyo wangu ulienda kwa ule mweusi mara moja. Dada aliuinua, akaupima uzito, akauliza swali ambalo mimi nisingeliwaza.

"Ukiharibika North Horr?"

"Huo? Hakuna wa kuufungua. Waliouunda wameufunga kwa neno la siri. Utautuma ng'ambo, utangoja."

"Na huu?"

"Michoro yake iko wazi mtandaoni, mtu yeyote anasoma. Fundi wa redio pale Isiolo mwenye mkono mtulivu ataurekebisha. Hata wewe, nikikufundisha."

Dada aliuweka chini ule mweusi. Neno *kungoja* lilikuwa limetosha. Nililiona likimpita usoni, na nilijua anaona nini: mwanamke mmoja akisuuza sufuria safi.

"Nipe huu," alisema.

"Sawa. Lakini hauna koti la mvua. Mtautafutia nyumba ya kuukinga na maji."

"Hilo tuachie sisi," dada alisema, akanitazama, na sote wawili tukamfikiria mtu mmoja.

Kabla hatujaondoka fundi alinionyesha ramani. Sijapata neno bora kuliko hilo, na yeye mwenyewe huliita hivyo. Kwenye kioo cha laptopu palikuwa na vyumba vingi vidogo vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja na nambari. Ukishuka, injini inazunguka kwa kasi zaidi. Ukienda kulia, dereva amekanyaga zaidi. Katika kila chumba kumeandikwa petroli kiasi gani. Gari linapokwenda, nukta ndogo nyekundu hukimbia juu ya vyumba hivyo kama kuku katika shamba lililopandwa, ikidonoa hapa na pale. Kazi ya fundi ni kukaa kando ya dereva na kurekebisha kila chumba ambamo injini inanung'unika.

"Na hii?" Nilinyoosha kidole kwenye nambari iliyokaa peke yake pembeni, 83, isiyotikisika.

"Hiyo ni hewa. Kihisi chake kimo humo humo ndani ya ubongo. Nairobi tuko juu, hewa yetu ni nyepesi, kwa hivyo injini inataka petroli kidogo. Ukishuka Mombasa itapanda karibu na mia. Hewa ikiwa nzito, ubongo unaongeza petroli. Ukipanda mlimani, inashuka, unapunguza."

Nilirudi nyumbani nikiwaza nambari hiyo. Kisanduku cha bati, hakijawahi kuambiwa kiko wapi, na bado kinajua kimo Nairobi kwa kuonja hewa tu.

Mtu tuliyemfikiria ni mjomba, ndugu yake Mama. Ni mchongaji. Alitoka Ukambani akiwa kijana na patasi moja, na hadi leo huchonga vifaru na twiga katika karakana ya wenzake upande wa Pumwani, ambako sakafu ni vumbi la mbao na hewa yenyewe ina ladha ya muhugu, ule mti mgumu wa wachongaji. Kwa mjomba hakuna shida ya dunia isiyoweza kutatuliwa kwa muhugu. Mlango wetu ukilegea, muhugu. Meno ya reki yakivunjika, muhugu. Mama alipoumia mguu, alimchongea mkongojo wenye kichwa cha mamba hadi watoto wa mtaa wakawa wanaomba kuushika.

"Nyumba ya ubongo," alisema dada alipomweleza. Aliupokea ule ubongo wa bati, akaunusa. "Isiyoingiza maji."

"Hata tone, mjomba."

"Mwiitu," alisema, kwa maana yeye humwita dada *msichana* kwa Kikamba hata sasa, "umewahi kuona kazi yangu ikivuja?"

Alikikomba kisanduku kutoka kigogo kimoja, bila kiungo wala msumari, kama wanavyokomba mizinga ya nyuki kwao. Ndani alikilainisha hadi kikang'aa. Kifuniko kiliingia kwa mlio wa kunyonya, kama mdomo unaobusu shavu la mtoto. Mahali nyaya zilipopita alijaza nta ya nyuki, akaikandamiza kwa kidole gumba. Juu ya kifuniko alimchonga ngamia aliyelala, kwa heshima ya safari. Kisha akakijaribu: alitia ndani konzi ya unga wa mahindi, akakifunga, akakizamisha katika karai la maji na kukiwekea jiwe juu, akaenda zake kumalizia kifaru. Alipokitoa mchana, akatuita sote, akamwaga unga kiganjani. Ulikuwa mkavu, ukapeperuka.

"Mto gani sasa?" aliuliza. "Nitajieni mto."

Fundi wa Fedha alikuja Makongeni kufunga nyaya na kuandika ramani. Alipoona kisanduku alipiga mluzi. Akampiga picha ngamia. Siku nzima yeye na dada walizunguka barabara za Embakasi na kurudi, na jioni gari likaingia uchochoroni likinguruma chini kwa chini kama paka aliyeshiba. Jirani alitoka na taulo lake akasema hajasikia kitu, na akaonekana kuhuzunika kidogo. Fundi alituachia laptopu yake ya zamani tuitazame ramani safarini.

Tulienda Magadi Jumamosi. Dada kwenye usukani, mjomba mbele na kisanduku chake miguuni, mimi na Mama nyuma. Mama alibeba thamosi, Biblia na, mahali pa kuonekana vizuri, simu yenye namba ya madaktari. Laptopu ilikuwa mapajani mwangu, waya wake ukipita kati ya viti. Kiserian tukapita vizuri. Corner Baridi, ambapo upepo hukata, tukapita vizuri, na bonde likafunguka mbele yetu, kavu, la buluu kwa mbali.

Kuanzia hapo barabara hushuka, na unaposhuka hukanyagi mafuta sana, kwa hiyo hatukujua lolote. Tulijua tulipofika chini ya Olorgesailie na barabara ikapanda kilima kidogo. Dada akakanyaga. Gari likakohoa.

Dada akakanyaga tena, kwa taratibu. Likakohoa tena, likarudisha mlio kwenye ekzosi, na sindano ya joto ikaanza kupanda. Alilisogeza kando penye kivuli chembamba cha mgunga. Halikuzimika. Lilisimama likitetemeka.

"Sijasema kitu," Mama alisema. Alikuwa ameshika simu.

"Hakuna mtandao hapa, Mama," nikamwambia.

"Nimeishika tu."

Dada alishuka, akafungua boneti, akatazama plagi, akagusa nyaya moja moja. Mikono yake ilikuwa mitulivu lakini shingo ilikuwa imelowa. Nilijua anapiga hesabu gani: mlima wote huo wa kurudi, gari lisilo na nguvu, lori la magadi likija na dereva mkarimu mwenye kamba. Alirudi dirishani kwangu. "Ramani inasema nini?"

Nilimsomea. Joto la maji limepanda. Mizunguko inacheza. Petroli ni kidogo, vyumba vyote tulivyopita vinasema ni kidogo. "Na hewa ni 83."

"Ngapi?"

"83."

"Hiyo ni ya Nairobi."

"Imekuwa hiyo tangu nyumbani," nilisema, na ndipo nilipojisikia. Nilikuwa nimeitazama njia nzima kwa upendo, nikingoja ipande, na ilipokataa kupanda nilidhani ina haya tu. Tulikuwa tumeshuka bonde zima. Masikio yangu yalikuwa yameziba na kuzibuka. Joto lilikuwa limelala juu ya gari kama blanketi. Ila nambari ile haikuwa imeondoka Makongeni.

"Kihisi kimeharibika," dada alisema. "Ama ni kibovu tangu dukani."

"Kiko wapi?" Mama aliuliza.

"Ndani ya ubongo. Humo ndani ya kisanduku."

"Basi kisanduku hakina lawama," mjomba alisema kutoka kiti cha mbele. Alikuwa ameweka kiganja juu ya ngamia kama mtu anayelinda mtoto mkutanoni. "Hiki hakiingizi maji, hakiingizi vumbi. Hakiingizi hata hewa."

Dada akamtazama. Mimi nikamtazama. Nzi aliingia dirishani akatoka.

"Uuwi," mjomba alisema polepole.

Alikuwa amefunga hewa ya Makongeni ndani ya muhugu, kwa nta ya nyuki, kwa ufundi wake wote, na sisi tulikuwa tumeibeba hewa hiyo hadi jangwani. Ubongo ulikuwa unaionja, unakuta ni nyepesi, unajua uko nyumbani, na unatoa petroli ya nyumbani. Karani alikuwa macho kabisa. Hakuwa amefunguliwa dirisha.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuzuia, akaweka Biblia mdomoni, ikashindikana. "Ndugu yangu," alisema, "umemfungia mtu chumbani ukamuuliza kama mvua inanyesha!"

"Cheka," mjomba alisema. "Cheka tu. Mkongojo ule uliucheka?"

Dada alishika kifuniko kukivuta. Hakikutoka. Alivuta kwa mikono miwili, mguu juu ya kizingiti. Hewa nzito ya bonde ilikuwa imekikandamiza kuliko hata mjomba alivyokusudia.

"Usilazimishe, utapasua," mjomba alisema. Alitia mkono mfukoni akatoa kijipatasi chembamba, maana mchongaji haendi popote bila kimoja. Akakigusisha mbao, akakiondoa, akasogeza upande mwingine. Niliona hataki. Kilikuwa kitu kikavu kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, alikuwa amekiapia mbele ya karai la maji, na sasa alitakiwa akitoboe kwa mkono wake. Dada hakumharakisha. Alisimama juani, mikono kiunoni, akiangalia kule chini ambako barabara iliendelea.

"Nitoboe wapi, mwiitu?"

"Ubavuni. Juu kabisa."

Alizungusha. Vumbi jekundu la mbao likamdondokea kiatuni. Kisha tukasikia kisanduku kikivuta pumzi, *fsss*, fupi. Mapajani mwangu nambari ikaruka: 85, 89, 93. Ikatulia hapo. Injini, ambayo muda wote ilikuwa ikitetemeka pale mgungani, ilinyanyua sauti yake, ikanyooka.

"Imepanda!" nilipiga kelele kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. "Imejua tuko wapi!"

Tulifika Magadi. Tulikunywa chai ya thamosi mbele ya ziwa la waridi lisilo na maji, mjomba akiwa amekaa mbali kidogo na sisi, akiwaza. Wakati wa kurudi nilikaa nikiitazama nambari ikishuka pole pole kwa kila kona tuliyopanda, kama mtu anayepanda ngazi akizihesabu kinyume, na tulipofika Corner Baridi upepo ukatupiga, ilikuwa imeshuka hata chini ya ile ya nyumbani. Hakuna lori lililotuvuta. Dada alipanda kila mwinuko bila kutazama sindano ya joto.

Mama aliuliza tulipofika nyumbani, gari likiwa limezimwa kwa ufunguo, kwa hiari yake dada. "Hilo tundu. Mto ukijaa?"

Swali hilo lilikuwa limemkalia mjomba tangu Magadi. Ulichotaka ubongo ni hewa, na tulichoogopa sote ni maji, na vyote viwili hupita mlango mmoja. Tulimpigia fundi wa Fedha. Alicheka hadi simu ikakoroma, kisha akasema tumpelekee gari, ila mjomba hakutaka kungoja. Alikwenda akarudi na kipande cha mpira mwembamba kama ule wa dripu, akaingiza ncha moja tunduni, akaziba kandokando kwa nta, akaupitisha nyuma ya dashibodi na juu kando ya kioo hadi karibu na paa, akaikunja ncha ielekee chini. "Maji yakifika hapo," alisema, "msiulize habari za gari. Ogeleeni."

Mama aliketi mlangoni. Dada alimngojea akiwa amesimama. Nilidhani atasema kwamba kukohoa ni kukohoa, na kwamba kule hakuna Magadi ya kujaribia. Angeweza. Uso wake ulikuwa na maneno hayo yote.

"Nilisema likivutwa," alisema mwishoni. "Halikuvutwa."

"Halikuvutwa, Mama."

"Lilikohoa."

"Lilikohoa."

"Kukohoa sikukutaja." Akaingia ndani, nasi tukasikia kabati la unga likifunguliwa.

Dada aliondoka mvua zilipopungua, asubuhi yenye ukungu uliolalia paa za reli. Madaktari walikuwa wakimngoja mjini na masanduku yao. Mjomba alikuja mapema akalizunguka gari, akavuta mpira wake kuhakikisha, akajifanya anamsalimia ngamia. Mama aliomba kwa Kikamba, mkono mmoja kichwani mwa dada na mwingine juu ya boneti, sala ndefu iliyotaja mito kwa majina. Kisha dada akaingia tena ndani kuchukua chapati, zilizofungwa kwa kitambaa, bado moto.

Tulikuwa sisi watatu sebuleni. Alivaa jaketi la baba. Mama alilinyoosha ukosi, akaliacha, akalinyoosha tena.

"Ukifika mahali penye mtandao," Mama alisema.

"Nitapiga."

"Na ukifika pasipo na mtandao?"

Dada alifikiri. Hakutaka kumdanganya. "Utangoja, Mama. Lakini gari likizima, mimi nitakuwa nafungua kisanduku nilirekebishe mwenyewe."

Mama aliinama akaokota uzi usiokuwepo sakafuni. Alipoinuka macho yake yalikuwa makavu. Alimpa kifurushi, akamgeuza kwa mabega kuelekea nje, kama alivyokuwa akitugeuza kwenda shule.

"Nenda. Watu wanangoja macho yao."

Dada akatoka, na Mama akaufunga mlango nyuma yake.